Shawa ya wati 5500 inayotoa maji ya vuguvugu: tulivyoutafuta ukinzani uliojificha darini

Nyumba yenyewe iko Arusha. Mbele anakaa mzee mwenye nyumba, nyuma kuna vyumba vinne vya wapangaji, na bafu ni moja la nje wanalotumia wote. Humo mzee aliweka shawa ya umeme, zile za kuchemsha papo kwa papo, kibao chake kimeandikwa 230V 5500W. Malalamiko ni kwamba maji hayachemki. Asubuhi za Julai, na Arusha ya Julai wote mnaijua, yanatoka vuguvugu tu, na jioni kuanzia saa moja hadi saa tatu ndo kabisa, wapangaji wawili walishaamua kurudi kwenye ndoo na koili ya kuzamisha.

Kabla sijaitwa alishapita fundi mwingine. Alifika bafuni, shawa imezimwa, akaweka multimita kwenye waya zinazoingia, akasoma 230. Akasema umeme uko kamili, hita ndo imechoka. Mzee akanunua shawa mpya ya wati zilezile, ikafungwa, maji yakabaki vilevile. Muuza duka la vifaa akamwambia chukua ya 7500 maana hiyo ndo ina nguvu, jirani naye akamwambia tatizo la Arusha ni umeme mdogo, weka stabilaiza, kile kifaa cha kuinua na kutuliza volteji. Nilipofika nikamwamkia mzee, akaitikia huku ameshika hela ya shawa ya 7500 mkononi, akaniuliza nimfungie lini.

Nikamwomba anipe kwanza asubuhi moja ya kupima. Kisa hiki kizima kinaisha kwa hesabu mbili ambazo kila aliyepita sekondari amezifanya, volteji gawanya kwa karenti unapata ukinzani, volteji mara karenti unapata pawa, hamna kingine. Shida ni kwamba darasani swali linakuja na namba mbili zimeshaandikwa ubaoni, unagawanya, unapata tiki. Saiti hakuna anayekupa namba, unaenda kuzichukua mwenyewe, na ukichukua volteji ya sehemu moja na karenti ya sehemu nyingine, au za muda tofauti, kalkuleta itakupa jibu safi kabisa ambalo halina maana yoyote.

Nilianza na kibao maana hakihitaji hata kuwasha kitu. Wati 5500 kwa volti 230, kwa hiyo karenti inayotarajiwa ni 5500 ÷ 230 = ampea 23.9. Ukinzani wa elementi, ule waya wa ndani unaochemsha maji, ni 230 mara 230, yaani 52,900, gawanya kwa 5500, unapata omu 9.62. Hii 9.62 ishike sana kwa sababu ndo utambulisho wa shawa. Wati 5500 sio mali ya shawa peke yake, ni ahadi yenye sharti la kwamba utailetea volti 230 mdomoni, ila omu 9.62 ni yake iwe imepewa volti 230 au 150, iwe ya moto au ya baridi, kwa sababu waya wa elementi ni aloi ya nikeli na kromiamu ambayo ukinzani wake haubadiliki sana na joto. Usichukue kanuni hii ukaipeleka kwenye kila kitu kinachowaka. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwa inawaka ina omu kama 882, ukiizima ikapoa ukaipima kwa multimita utakuta haifiki hata 100, utasema imekufa kumbe ni nzima. Kwenye balbu multimita inakudanganya, kwenye hita haikudanganyi.

Kwa hiyo nikazima breka, nikahakikisha hakuna umeme, nikachomoa waya za shawa na kuipima elementi yenyewe. Multimita ikasoma 9.8. Nikagusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe ikasoma 0.3, hiyo ni ya waya za mita, toa, inabaki 9.5. Hapo hata jasho halijatoka nimeshajua shawa ni nzima, na kwa imani yangu hata ile ya kwanza iliyotupwa ilikuwa nzima. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, nikamwambia, akaguna tu.

Sasa kipimo cha fundi wa kwanza. Volti 230 alizosoma zilikuwa za kweli, mimi mwenyewe nilizipata hizohizo, kwenye DB (boksi la breka) 230 na bafuni 230, tofauti hakuna. Tatizo ni kwamba alipima shawa ikiwa imezimwa. Karenti ikiwa sifuri, ukinzani wowote ulioko njiani unakula volti sifuri, maana volti zinazoliwa ni karenti mara ukinzani, na sifuri mara chochote ni sifuri. Hapo ungeweza kuweka waya mwembamba kama uzi na bado multimita ingekusomea 230 nzuri kabisa. Volteji isiyo na mzigo inakuambia waya haujakatika, basi, haikuambii waya una uwezo gani.

Tukapima na mzigo. Kijana wangu alibaki DB na klampu mita, ile inayobana waya kwa nje na kusoma karenti, mimi bafuni na multimita kwenye tominali za shawa, simu zikiwa hewani ili tusome kwa pamoja, maana umeme wa mtaani unapanda na kushuka na ukisoma huku saa mbili na huko saa mbili na robo unalinganisha vitu viwili tofauti. Akaniambia karenti ni sifuri. Shawa inanguruma maji yanatoka, karenti sifuri! Kumbe alikuwa amebana kebo nzima, laivu na nyutro pamoja, na karenti inayoenda na inayorudi zinafutana, klampu haioni kitu. Nikamwambia abane waya mmoja tu, laivu peke yake. Akabana vizuri, na namba zikawa hizi: karenti ampea 21.1, volteji kwenye DB 221.5, volteji bafuni kwenye tominali za shawa 203.

Kijana akatoa simu akapiga hesabu fasta. 230 ÷ 21.1 = 10.9. Akasema, "Bosi, elementi imepanda, kibao kinasema 9.6 hii iko 10.9, imeshachoka kweli." Halafu akapiga na pawa, 230 mara 21.1, wati 4853, akasema basi haijapoteza sana, tuko karibu na elfu tano. Majibu yote mawili sio ya shawa, na ukimfuata unamwambia mzee anunue shawa ya tatu.

Volti 230 hazikuwepo kwenye shawa wakati ampea 21.1 zinapita. Kwenye shawa zilikuwepo 203. Ukitaka ukinzani wa kitu, unachukua volteji iliyoko kati ya ncha mbili za kitu hichohicho na karenti inayopita ndani ya kitu hichohicho, kwa wakati huohuo. 203 ÷ 21.1 = 9.62. Hiyo hapo, sawasawa na kibao mpaka desimali ya pili, na karibu kabisa na 9.5 ya multimita. Pawa ya shawa ni 203 mara 21.1 = wati 4283, sio 4853.

Ila ile 10.9 ya kijana sikumwambia aifute, kwa sababu nayo ina maana yake. Ni ukinzani wa safari nzima, kuanzia huko umeme unakotoka mpaka ndani ya shawa na kurudi. Volti 230 ni za chanzo kabla hakijabebeshwa mzigo, ampea 21.1 zimepita kila mahali kwenye mzunguko, kwa hiyo 10.9 ni jumla ya vyote. Toa 9.62 ya shawa, inabaki 1.28. Njiani kuna omu 1.28 ambazo hazijaandikwa kwenye kibao chochote na hakuna aliyezinunua dukani. Kuzigawa ni rahisi: DB ilishuka kutoka 230 hadi 221.5, yaani volti 8.5, gawanya kwa 21.1 ni omu 0.40, hizo zinatoka nje, nguzo na waya wa kuingilia nyumba. Kutoka DB hadi bafuni ni 221.5 toa 203, volti 18.5, gawanya kwa 21.1, omu 0.88. Jumla 1.28. Zimefunga.

Hili la chanzo kushuka kikibebeshwa mzigo lilimsumbua hata Georg Ohm mwenyewe. Alikuwa mwalimu huko Köln, Ujerumani, na majaribio yake ya mwanzo alitumia betri za kemikali za enzi hizo ambazo volteji yake haitulii, akawa anapata namba zisizokaa sawa. Akashauriwa aachane nazo atumie kifaa cha metali mbili tofauti zilizounganishwa, shaba na bismathi, upande mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye maji yanayochemka, kinatoa volteji ndogo sana ila imetulia. Hapo ndo namba zikaanza kumtii, na kitabu chake kikatoka 1827. Na kwenye hesabu zake aliweka ukinzani wa chanzo ndani ya jumla tangu mwanzo, ile ambayo sisi tunapenda kuisahau.

Turudi bafuni. Wati 4283 badala ya 5500 ni asilimia 78. Watu wanashangaa hapa, volti zimepungua kutoka 230 hadi 203, hiyo ni pungufu ya asilimia 12 hivi, mbona pawa imepungua asilimia 22? Kwa sababu volti zikishuka na karenti nayo inashuka, unapigwa mara mbili. Ukinzani umebaki uleule, pawa ni volteji mara yenyewe gawanya ukinzani, 203 mara 203 ni 41,209, gawanya 9.62 unapata 4284. Wati moja ya tofauti ni ya kukadiria desimali.

Na kwa maji hiyo maana yake nini. Tulijaza ndoo tukaangalia saa, shawa ilikuwa inatoa kama lita 3 kwa dakika. Kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunahitaji jouli 4186, lita 3 kwa dakika ni kilo 0.05 kwa sekunde, kwa hiyo kila nyuzi moja inakula wati 209. Kwa 5500 ungepanda nyuzi 26, kwa 4283 unapanda 20 na nusu. Tenki limekaa juu usiku kucha, maji yanaingia kwenye nyuzi kama 15, basi ungeoga na 41 ambayo ni maji ya moto ya heshima, lakini unaoga na 35 na nusu ambayo iko chini ya joto la mwili wako, ngozi inayasoma kama vuguvugu tu. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko na pasi chanzo kinashuka hadi 210, bafuni zinafika 185, pawa inakuwa kama 3560, unapanda nyuzi 17 tu. Wapangaji hawakuwa wanadeka.

Swali lililobaki ni hizo omu 0.88 kati ya DB na bafuni, ni halali au kuna kitu. Hapa ndo mafundi wengi tunaishia kusema "kebo ni ndogo" na kuvuta nyingine. Kebo kweli ilikuwa ndogo, ya milimita mraba 2.5, lakini nilitaka kujua kama kebo peke yake inaweza kufikisha 0.88. Tukapima kwa tepu njia yote, darini halafu ukutani mpaka bafuni, mita 40. Kwenda na kurudi 80. Shaba ya 2.5 ina omu 0.00741 kwa kila mita ikiwa kwenye nyuzi 20, mara 80 ni 0.593. Mara ampea 21.1 unapata volti 12.5. Sisi tumepoteza 18.5. Weka kwamba kebo inapata moto na ukinzani wake unapanda kidogo, bado volti 4 au 5 hazina mwenyewe.

Mzee akasema darini kuna mahali fundi aliyevuta aliunga maana kipande cha kwanza hakikufika. Nikapanda. Kuna konekta ya plastiki, zile za vipande vya skrubu, imekaa juu ya mbao bila boksi, na plastiki upande mmoja imegeuka rangi ya chai. Wapo ambao wangeikata hapohapo wakaunga upya wakashuka, na tatizo lingepungua, lakini nilitaka kijana aione kwa namba. Tukazima, nikabana klipu za multimita kwenye waya pande mbili za konekta, laivu kwa laivu, nikaiacha pale nikasogea pembeni, tukawasha shawa. Volti 4.6. Tukazima tukahamisha kwa nyutro, ambayo ni konekta hiyohiyo, tundu la jirani. Volti 0.1.

4.6 ÷ 21.1 = omu 0.22 kwenye skrubu moja. Upande wa pili 0.1 ÷ 21.1, hata omu 0.005 haifiki. Kazi ya mkono mmoja, siku moja, konekta moja, na tofauti ni zaidi ya mara arobaini. Tulipoifungua baadaye tukaona sababu, kwenye laivu ganda la waya halikuvuliwa vya kutosha, skrubu ilikuwa imeuma plastiki na shaba imeguswa pembeni tu.

Kwa nini sikuipima kwa omu ya multimita umeme ukiwa umezimwa, si ingekuwa salama zaidi? Ingekuwa salama na isingeonyesha kitu. Kumbuka mita yenyewe inasoma 0.3 kwa waya zake tu. Ukinzani wa 0.22 unapotelea humo humo. Mita inapopima omu inapitisha karenti ndogo mno, wakati shawa inapitisha ampea 21, na ampea 21 ndo zinazofanya 0.22 ijitokeze kama volti 4.6 ambazo mita yoyote ya bei rahisi inazisoma bila wasiwasi. Kwa ukinzani mdogo namna hii karenti ya mzigo ndo chombo chako cha kupimia. Ila kufanya hivyo ni kushughulika na laivu, kwa hiyo klipu zinafungwa umeme umezimwa, mikono inatoka, ndo unawasha, na kama huna mazoea hayo mwite mwenye mazoea.

Sasa pawa ya hiyo skrubu. 4.6 mara 21.1 = wati 97. Joto la pasi ndogo ya kuchomelea risasi na zaidi, limekaa darini kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti, juu ya mbao, kila mtu anapooga. Kebo yenyewe ilikuwa inakula zaidi, volti 18.5 toa 4.7 inabaki 13.8, mara 21.1 ni wati 291, lakini zimesambaa mita 40, wati saba na kitu kwa kila mita, waya unapata uvuguvugu tu na kuishi. Konekta wati zake 97 ziko sehemu moja.

Halafu angalia kitu kingine. 13.8 ÷ 21.1 = 0.654, na tulitarajia 0.593 kwa shaba ya nyuzi 20. Imezidi kwa asilimia kumi. Shaba inaongeza ukinzani kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, kwa hiyo asilimia kumi ni nyuzi 26 juu, yaani kebo ilikuwa inakimbia kwenye 46 hivi. Hatukuwa na kipimajoto, namba zenyewe zimetuambia. Na hii inakutuliza roho pia kwamba ile kebo ni shaba kweli, maana siku hizi kuna kebo sokoni zenye alumini ndani iliyopakwa shaba juu, hizo hesabu ingekataa mapema.

Mzee akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile, mbona breka haikuruka? Breka yake ni ya ampea 20, karenti ni 21.1, na breka za kawaida za nyumbani zinatakiwa zivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kuruka, yaani mpaka 22.6. Hilo ni la kwanza. La pili ambalo ni baya zaidi, breka inaona karenti tu, haioni joto la konekta, na jointi mbovu kazi yake ni kupunguza karenti. Ukinzani ukiongezeka darini, ampea zinashuka, breka inazidi kutulia huku mbao zinakaushwa. Shoti breka inaiona, jointi iliyolegea haiioni.

Ndo maana ushauri wa 7500 ulinitisha. Tuupigie hesabu. 52,900 ÷ 7500 = omu 7.05 za shawa, ongeza 1.28 za njiani, 8.33, karenti inakuwa 230 ÷ 8.33 = 27.6. Bafuni zingefika volti 194.7, pawa karibu wati 5370. Yaani ingefanya kazi! Wapangaji wangefurahi, muuza duka angesifiwa. Ila breka ya 20 ingeanza kuruka, mtu angekuja akaweka ya 32 "ili isisumbue", na kwenye konekta pawa inaenda na karenti mara yenyewe, 27.6 mara 27.6 mara 0.22, wati 168. Kutoka 97 hadi 168 kwenye skrubu ileile, na breka ambayo sasa haina habari kabisa na kebo ya 2.5.

Stabilaiza nayo ni hadithi hiyohiyo kwa mlango mwingine. Ukiifunga kule bafuni inahakikisha shawa inapata 230 zake, lakini wati 5500 lazima zipite kwenye njia ileile mbovu, na kwa vile volteji inayofika ni ndogo inabidi ivute karenti kubwa kufidia, ukikokotoa unakuta ampea 28 na ushee. Inavuta zaidi ya ile shawa ya 7500.

Tulichofanya: kebo mpya ya 6, kipande kimoja bila jointi, kutoka DB hadi swichi ya bafuni, breka ya 32, na kifaa cha kukata umeme ukivuja cha miliampea 30 maana haikuwepo, na ethi, waya wa kwenda ardhini, tukaihakiki kabla ya kingine chochote, shawa ya umeme bila ethi mimi sifungi hata unilipe mara mbili. Kwa nini 6 na sio 10? Kwa 6 njia ya mita 80 ina omu 0.26 ikiwa na joto kidogo, kwa 10 ingekuwa 0.15, na tofauti bafuni ingekuwa kama wati 100, nusu nyuzi ya maji. Kwa kebo ya bei ile nikaona ni kumnunulia mzee shaba ya kupendeza machoni.

Vipimo vya baada ya kazi, mzigo ukiwa umewashwa: DB 221, bafuni 215, karenti 22.4. Ukinzani 215 ÷ 22.4 = 9.6, shawa ileile. Pawa 215 mara 22.4 = wati 4816. Maji yanapanda nyuzi 23 badala ya 20 na nusu, 38 asubuhi, na ukipunguza bomba kidogo unapata 41. Njiani ndani ya nyumba zinapotea volti 6 tu, wati 134, zote zimetandazwa kwenye kebo, hakuna sehemu yenye moto.

Mzee akauliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, itapungua kiasi gani, na hapa kuna mafundi wanapenda kumfurahisha mteja. Zamani mita ilikuwa inahesabu 221.5 mara 21.1, wati 4674, kati ya hizo 390 hazifiki kwenye maji. Kwa watu wanane wakioga dakika kumi kumi kwa siku, hiyo ni saa moja na dakika ishirini, uniti 0.52 za bure kila siku, karibu 16 kwa mwezi, kwa bei ya kawaida ya majumbani kama shilingi 5,500 hivi. Lakini sasa shawa inavuta zaidi, 221 mara 22.4 ni wati 4950, kwa hiyo kwa dakika zilezile uniti zinaongezeka, hazipungui. Kinachobadilika ni kwamba kati ya kila uniti kumi anazonunua, kinachoingia kwenye maji ni 9.7 badala ya 9.2. Nikamwambia hivyohivyo, akacheka, akasema angalau nachemsha maji na sio dari.

Kijana alitaka kurudia mchezo huohuo kwenye pampu ya tenki, karenti 5, volti 225, akaandika omu 45 na wati 1125, wakati kibao cha pampu ni hospawa moja, 750. Nikamwambia hapo simama. Mota ina koili, karenti yake haiendi sambamba na volteji, ukizidisha unapata voltiampea na sio wati zinazohesabiwa na LUKU, na ukigawanya hupati ukinzani wa waya peke yake. Na ile 750 ni kazi inayotoka kwenye shafti, sio umeme unaoingia. Hesabu ya volteji mara karenti inakaa sawa kwa hita, pasi, birika, jiko la koili, balbu ya nyuzi. Vyenye mota na vyenye chaja vinataka kipimo kingine.

Kilichobaki ni zile omu 0.40 za nje. Kwa ampea 22.4 zinakula karibu volti 9, wati 200, na ziko kabla ya mita kwa hiyo mzee hazilipii ila zinamnyima maji ya moto. Waya wa kuingilia wa urefu ule wenye viunganishi vizima nisingetegemea zaidi ya omu 0.1, na ukiurudisha hapo shawa inafika kama wati 5100 bila kugusa kitu ndani ya nyumba. Hiyo sio sehemu ya fundi wa mtaani kupanda, ni ya shirika la umeme. Nimemwandikia mzee kwenye karatasi: volti 230 bila mzigo, 221 na mzigo wa ampea 22.4, vimepimwa kwenye DB kwa wakati mmoja, aende nayo ofisini kwao akaombe nguzo na viungo vikaguliwe.